Upande wa Nje wa Geti

Mume wangu alikuwa gadi wa treni, na kwa muda wote tulioishi pamoja pale Cheyo ndiye aliyekuwa akinisikiliza mistari yangu. Kazi yangu mimi ni kuigiza. Nimeigiza michezo ya redio, nimeigiza kwenye kumbi za shule na za makanisa hapa Tabora, na siku hizi naigiza mbele ya kamera ndogo za vijana wanaorusha tamthilia zao kwenye simu. Sokoni hawanijui kwa jina. Wananiita "mama mkwe," kwa sababu niliwahi kuwa mama mkwe mkorofi kiasi kwamba muuza nyanya mmoja alikataa kuniuzia. Aliniambia nikamwombe radhi yule binti kwanza, ndipo nirudi.

Kila nilipopata igizo jipya, mume wangu alivaa miwani, akakaa kwenye stuli jikoni, akanishikia karatasi na kusoma sehemu za wahusika wengine wote. Alisoma vibaya mno. Mchumba, mchungaji, mwizi wa ng'ombe, wote aliwasoma kwa sauti ileile aliyotangazia abiria vituo: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge. "Nakupenda tangu siku ya kwanza nilipokuona," anasema, nawe ungedhani treni inakaribia kusimama, kila mtu ashike mizigo yake. Nilikuwa namgombeza. Alicheka, akaendelea kunipenda kwa sauti ya stesheni, nami nikalazimika kumjibu kwa machozi. Nadhani hakuna darasa lililonifundisha zaidi ya lile. Ukiweza kulia mbele ya gadi anayetangaza vituo, mbele ya watu wengine ni kazi ndogo.

Alifariki mwaka juzi, kiangazi, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Tangu hapo najifunza mistari peke yangu. Nikifika mahali pa mhusika mwingine nanyamaza kwa kadiri ya maneno yake, halafu naendelea na yangu. Mwanzoni nilijaribu kusoma sehemu zote mwenyewe, nikajisikia mpumbavu, nikaacha. Kwa hiyo anayepita nje ya dirisha langu jioni anasikia mwanamke akijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Mungu hakutujalia watoto. Ndugu zangu wako Urambo na tumbaku yao, wana mashamba ya kuangalia na nyumba zao za kulisha. Kikundi chetu cha maigizo ndicho kilichobaki kuwa mahali ambapo nikiingia kuna mtu anageuka kunitazama. Sisemi haya nihurumiwe, kuhurumiwa kunanikera. Nayasema ieleweke kwa nini nilitetemeka siku mwongozaji wetu alipotaka kuninyang'anya mhusika.

Mwongozaji huyo ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kusimama jukwaani, enzi hizo hajui hata mikono aiweke wapi. Sasa ana ndevu, ana kamera, na ana maneno mengi ya Dar es Salaam. Aliandika igizo la mjane, jioni ya siku aliyomzika mumewe, watu wameanza kutawanyika. Aliponipa karatasi alinishika mkono.

"Mwalimu, hii imekaa kwako," akasema. "Hii hata huhitaji kuigiza."

Kikundi kizima kikaitikia kwa vichwa. Nami nikaamini, nikiwa mtu mzima na akili zangu.

Ngoja nieleze ninavyofanya kazi. Mimi mhusika namwanzia miguuni. Nilipokuwa mama mkwe nilivaa viatu vilivyonibana, na ukali wote ulipanda kutoka kwenye vidole. Nilipokuwa muuza pombe nilikwenda kukaa na mwanamke mmoja wa Isevya anayeuza kweli, nikatazama anavyonyanyuka na kukaa siku nzima bila kushika kiuno, mpaka nikajua uzito wake uko wapi. Kabla sijajua anavyotembea sina haja na maneno yake. Machozi ni jambo la mwisho, na yana njia za mkato. Wapo wanaoficha kitunguu kwenye pindo la kanga, wapo wanaopaka dawa ya mafua chini ya macho. Lakini kwa huyu mjane sikutafuta kitu. Sikumtafutia miguu. Nilivaa kitenge cheusi kilekile nilichovaa siku ya msiba wangu, nikakaa kwenye mkeka, nikangoja waseme tuanze.

Machozi yalikuja bila kuitwa. Nililia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mazishi, kamasi zikanitoka, kanga ikalowa. Nilipoinua uso, binti wa vipodozi alikuwa anaangalia simu yake. Mwongozaji alikuwa anajikuna ndevu.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Haiingii."

"Haiingii nini?"

"Unalia, tunaona unalia. Lakini hatumwoni anayeliliwa."

Nilimwuliza yeye amezika nani mpaka anifundishe kulia. Nilimwambia na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Akasubiri nimalize, akasema kwa adabu zote kwamba tuonane tena Jumamosi, na kwamba ikishindikana kuna dada mmoja wa Kanyenye ameomba nafasi. "Usichukulie vibaya, mwalimu," akamalizia. Nilichukulia vibaya sana. Nikarudi nyumbani kwa miguu, maana sikutaka dereva wa bajaji aniulize habari za leo.

Nyumbani hasira zikapoa, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu kijana alikuwa anasema kweli. Nilikaa jikoni nikajaribu kumwona mume wangu. Kofia yake ya kazi ilikuwa kwenye msumari, miwani kwenye kabati, picha ukutani. Yeye mwenyewe hakuja. Sauti ninayo mpaka leo, naweza kuisikia nikitaka. Lakini mwili ulikuwa umeanza kufutika. Bega lipi lilikuwa chini? Akikaa alitanguliza mkono au kiuno? Nilisimama nikajaribu kutembea kama yeye kutoka kwenye jiko mpaka mlangoni, nikajikuta natembea kama mzee yeyote yule. Mimi, ninayeweza kumwiga mwanamke wa sokoni kwa kumtupia jicho, nilishindwa kutembea kama mtu niliyelala naye kitanda kimoja. Niliogopa. Jumamosi ilikuwa inakuja na ningempoteza mhusika, na pamoja na mhusika kikundi. Lakini kilichonitia baridi ni kuona kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaondoka mara ya pili, na safari hii hakuna atakayekuja kunipa pole.

Ndipo nikamkumbuka mtani.

Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo kichwani wakienda pwani, wao wakawauzia maji na kuwatoza hongo, ushuru wa kupita, wakagombana, wakapatana, na mwisho wa yote wakabaki kutaniana mpaka kwetu sisi wajukuu. Mtani ana haki zake. Anaweza kukusema usoni upendavyo na usivyopenda. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na wewe huruhusiwi kununa. Na msibani mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwiga mbele ya waombolezaji, alivyotembea, alivyokohoa, alivyobishana, mpaka watu wacheke katikati ya kilio.

Mtani wetu alikuwa Mgogo aliyefanya kazi na mume wangu kwenye treni moja. Alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Tabora, akawa anauza asali karibu na stesheni. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyevaa koti la mume wangu. Mimi nilikuwa ndani, kwenye godoro, katikati ya wanawake, kama inavyompasa mfiwa. Nikasikia kicheko kimeanza uani, kidogo kwanza, halafu kikubwa. Wanawake wa dirishani wakasimama kuchungulia, mabega yao yakaanza kutikisika. Halafu nikasikia, nje kabisa, upande wa geti:

"Wenye nyumba mpo?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiita kila aliporudi safari. Ndani nilikuwa nabaki mimi tu, lakini aliita kana kwamba nyumba imejaa. Nilinyanyuka kwenda kumfungulia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni shangazi alipokamata kanga yangu. "Ni mtani," akaniambia taratibu. "Kaa chini, mwanangu." Nikakaa. Nimewadanganya watu jukwaani maisha yangu yote, na siku hiyo nilidanganywa na muuza asali, nikaamini kwa moyo wote. Uani pale kila mtu alimwona kwa mara ya mwisho. Mimi niliambulia sauti.

Kwa hiyo asubuhi yake nilikwenda stesheni. Nilimkuta mtani kwenye benchi lake, ndoo ya asali mbele yake, chupa zimepangwa.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi. Umekuja kutafuta mzigo?"

"Nimekuja kuchukua maji mliyowauzia babu zangu. Walikufa na kiu."

Wateja wawili wakacheka. Walipoondoka nikamwambia ninachotaka: anifanyie tena, mara moja tu, nimwone. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Hapana, mtani. Hilo hapana."

"Kwa nini?"

"Marehemu anaigwa siku ya kuzikwa. Siku hiyo bado yupo, anatusikia, anacheka na sisi. Tukishamfukia basi. Kumwiga leo ni kumsengenya."

"Mimi sikuona. Nilikuwa ndani."

"Ulikuwa kwenye nafasi yako."

"Mtaa mzima uliona isipokuwa mimi."

"Mtani wangu, usinilazimishe," akasema, akaanza kupanga upya chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilitazama ile ndoo. Sikufikiri sana. Niliinama, nikaishika mshikio, nikaisimamisha bajaji iliyokuwa inapita, nikapanda nayo.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Jamani, Mnyamwezi ananiibia! Amezoea vya kubeba!"

Watu wakafa kwa kucheka, wala hakuna aliyenyanyuka kunikamata, maana walishajua ni watani. Naye alijua hana pa kushtaki. Kilichobaki ni kupanda baiskeli yake anifuate. Dereva wa bajaji aliniuliza kama aongeze mwendo, nikamwambia hapana, mzee asije akaanguka.

Alinikuta nimesimama nje ya geti langu, ndoo mkononi. Alikuwa anatweta, jasho linamtiririka.

"Nipe ndoo yangu."

"Nionyeshe."

Alinitazama kitambo. Nafikiri aliona kwamba pale utani ulikuwa umekwisha na kilichobaki ni mwanamke aliyeshika ndoo asiyejua afanye nini nayo. Akafuta jasho kwa kiganja.

"Simwigi," akasema. "Nakuonyesha tu njia aliyopita. Vuka barabara, usimame kule kwenye ua wa jirani. Siku zote ulikuwa upande wa ndani. Leo simama huku nje."

Nikavuka. Yeye akarudi na baiskeli mpaka kwenye kona, akapotea. Nikasimama pale na ndoo yangu ya wizi, jua la saa nne linachoma, nikajiona kituko.

Kisha mume wangu akaja kutoka kwenye kona.

Alikuwa anaikokota baiskeli, hakuipanda. Bega la kulia lilikuwa chini. Alitembea kama mtu ambaye ardhi bado inamtikisikia chini ya nyayo, na nilikumbuka palepale, ndivyo walivyo watu wa treni siku wanayoshuka. Alipofika kwenye ukuta wetu, kabla ya geti, akasimama. Akaegemeza baiskeli. Mabega yote mawili yakashuka, kichwa kikashuka, akabaki hivyo, mkono ukutani, mzee aliyechoka na mwenye huzuni ambaye mimi sikuwahi kumwona. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Halafu akainua kiganja, akajipangusa uso kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, polepole, na kiganja kilipofika chini uso ulikuwa mwingine. Nikaujua huo. Ndio niliokuwa nikiufungulia mlango. Akanyoosha mgongo, akashika nguzo ya geti kwa mkono wa kushoto, kama alivyoshika mlango wa behewa, akatazama barabara huku na huku, akapaza sauti:

"Wenye nyumba mpo?"

Mtani akaachia nguzo, akawa tena muuza asali, akavuka barabara kuja kuchukua ndoo yake. Nilimpa.

"Alikuwa anafanya hivyo lini?" nikamwuliza.

"Kila tukirudi. Kwangu ni kule mbele, tulikuwa tunakuja pamoja. Mimi naendelea, yeye anabaki hapo ukutani."

"Kwa nini?"

Akaangalia ndani ya ndoo kama vile kuna kilichodondokea. "Alipenda kushusha watoto, unajua. Treni ikisimama Urambo, Kaliua, yeye ndiye anayewabeba kuwapa mama zao chini. Safari nzima anacheka nao. Tukishafika huku, basi, anakuwa kama ulivyomwona. Siku moja nikamwambia, wewe bwana, ingia tu hivyohivyo, ni nyumbani kwako. Akaniambia, yule ndani anajua sura za kuigiza, ni kazi yake. Lazima niivae vizuri kabla sijaingia."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, kwenye ua wa jirani.

Nikaelewa kwa nini waombolezaji walicheka vile. Walikuwa wamemtambua. Mtaa mzima ulikuwa umemwona akisimama pale ukutani, mwaka baada ya mwaka, watoto wakienda shule, wanawake wakitoka kisimani, wote walimjua yule mzee aliyechoka. Ni mimi peke yangu niliyeishi na yule mwingine. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Iliniuma kama mtu aliyegundua kuna chumba ndani ya nyumba yake ambacho wageni wote wamekwishaingia.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtani, wala sijamwambia mtu. Jioni za safari nilikuwa naisikia baiskeli ya mume wangu inapoegemezwa ukutani. Ilikuwa na kengele mbovu inayolia ikiguswa tu. Nikiisikia, nilikuwa nakwenda kwenye ndoo ya maji, najinawisha uso, naufuta kwa pindo la kanga, ili asijue nilivyoshinda siku nzima katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Nilidhani muda ule kati ya kengele na kuita kwake ni bahati yangu. Nilidhani anafungua mizigo.

Jumamosi nilikwenda mazoezini na ombi moja. Nilimwomba mwongozaji kwamba mjane asianze akiwa kwenye mkeka. Aanzie nje ya mlango, ametoka kuwasindikiza wageni wa mwisho, anarudi ndani. Akaguna kwamba haikuandikwa hivyo. Nikamwambia aandike. Akatazama wenzake, akasema haya, tujaribu, lakini tukiona vinginevyo tunarudi kwenye mkeka.

Sikuvaa kitenge cha msiba. Nilivaa viatu vya mume wangu, vilivyonipwaya, chini ya gauni refu ambapo kamera haivioni. Niliposimama ndani yake bega la kulia likashuka lenyewe. Nikatembea mpaka mlangoni, nikaweka mkono ukutani, nikaacha vyote vishuke. Sikuhesabu. Nilingoja kama nilivyongojeshwa. Kisha nikajipangusa uso kwa kiganja kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, nikashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto, nikatazama huku na huku, nikaita ndani ya chumba kitupu kwa sauti ya mtu aliyerudi na zawadi:

"Wenye nyumba mpo?"

Nikanyamaza kwa kadiri ya jibu, kama ninavyonyamaza jikoni kwangu. Halafu nikaingia. Sikutoa chozi hata moja. Nilisikia mtu anavuta kamasi, nikadhani ni mafua. Alikuwa binti wa vipodozi. Simu ilikuwa imemwangukia miguuni na hakuiokota.

Mwongozaji hakusema "kata." Alisahau. Alipokumbuka, alikuja akanishika mikono yote miwili. "Nimemwona, mwalimu," akasema. Hakuniuliza ni nani, nami sikumweleza. Habari za dada wa Kanyenye hazikutajwa tena. Walinipikia chai, wakanipa kiti kizuri, wakacheka na kupiga picha, na kwa saa nzima nilikuwa na watu.

Halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mwingine amefuatwa na mumewe kwa pikipiki, mwingine anawahi kupika, mwingine mtoto ana homa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama bajaji iliponishusha kwenye kona. Sikutaka dereva anifikishe mpaka mlangoni. Nilitembea pole pole mpaka kwenye ukuta wetu, nikasimama pale aliposimama. Chokaa imechakaa sehemu moja, kwenye kimo cha mkono wa mwanamume. Nimeishi hapo miaka yote nikidhani ni mvua.

Niliweka kiganja changu pale. Mabega yakashuka. Nikainua mkono nijipanguse uso, nao ukabaki hewani, kwa sababu ndani hapakuwa na mtu wa kumficha. Nikaushusha, nikashika nguzo, nikafungua geti, nikaingia nilivyokuwa.